Kutoka kisahani bapa hadi ubongo mdogo: historia ya seli za kinga zilizosahauliwa kwenye uvimbe

Leo tunaweka kando mambo ya programu na hifadhidata. Nataka tuzungumze juu ya historia ya kifaa kimoja cha maabara, na jinsi kifaa hicho kilivyowafanya wanasayansi wengi wasione seli fulani kwa miaka mingi. Msiogope, mimi si daktari. Nilisomea sayansi ya tarakilishi, na biolojia ya darasani niliiacha kidato cha nne. Lakini kila anayeandika programu anaijua shida ninayoisemea: programu inakimbia vizuri kwenye mashine yako, ukimpelekea mtumiaji inagoma. Ukichunguza unakuta mahali ulipofanyia majaribio hapakufanana na mahali inapotumika. Wanaotafuta dawa ya saratani ya ubongo wameishi na shida hiyo kwa miongo mingi, na kwao anayelipia tofauti hiyo ni mgonjwa.

Saratani ninayozungumzia inaitwa glioblastoma. Ndiyo saratani ya kawaida zaidi miongoni mwa zile mbaya zinazoanzia ndani ya ubongo wa mtu mzima. Mwaka 1926, madaktari wawili wa Marekani, Percival Bailey na Harvey Cushing, walipanga uvimbe wa ubongo katika makundi, na jina hilo likaenea kutoka hapo. Karibu miaka 80 baadaye, mwaka 2005, matokeo ya jaribio la wagonjwa 573 yalichapishwa. Waliopewa mionzi peke yake, nusu yao walifariki kabla ya kumaliza miezi 12.1. Waliopewa mionzi pamoja na dawa ya temozolomide, nusu yao walifariki kabla ya miezi 14.6. Miezi miwili na nusu ndiyo iliyokuwa habari njema, na matibabu hayo ndiyo yakawa ya kawaida duniani.

Sasa jambo ambalo lilinishangaza nilipoanza kusoma. Ukiutoa uvimbe huo na kuhesabu seli zake, si zote ni za saratani. Katika wagonjwa wengine, seli kati ya asilimia 30 na 50 ni seli za kinga, yaani askari wa mwili wenyewe. Wamejazana humo ndani, na uvimbe unaendelea kukua. Wanafanya nini? Swali hilo ni rahisi kuuliza, lakini kulijibu kumechukua muda mrefu mno, na sababu moja kubwa ni vyombo vya maabara.

Askari wa ubongo

Tuanze na askari wenyewe. Mwaka 1919, mjini Madrid, Mhispania Pío del Río Hortega alibuni njia ya kupaka rangi vipande vya ubongo kwa kemikali yenye madini ya fedha. Chini ya hadubini aliona seli ndogo zenye matawi membamba, tofauti na seli za neva na tofauti na zile zinazozishikilia. Akaziita mikroglia. Aliona pia kwamba ubongo ukiumia seli hizi hubadilika: zinakunja matawi, zinakuwa za mviringo, zinahama na kula mabaki. Kwa maneno mengine, alitambua kwamba ubongo una walinzi wake wanaoishi humo humo.

Hortega alikuwa na kipaji cha kutazama, na alichunguza uvimbe wa ubongo pia. Vita vya wenyewe kwa wenyewe vilipozuka Uhispania mwaka 1936 alilazimika kuhama, akapitia Ufaransa na Uingereza na kuishia Argentina, alikofariki mwaka 1945. Lakini alichokuwa akitazama ni vipande vya ubongo vilivyokufa. Ili kujua seli inafanya nini, sharti uione ikiwa hai. Na kuona seli hai kulikuwa na historia yake tofauti.

Kwa nini ubapa ulishinda

Mwaka 1907, Ross Harrison wa Chuo Kikuu cha Johns Hopkins, Marekani, alichukua kipande kidogo cha neva cha kiinitete cha chura, akakiweka ndani ya tone la limfu ya chura, kisha akaligeuza tone hilo lining'inie chini ya kigae cha kioo. Limfu iliganda, na ndani ya mgando ule aliona nyuzi za neva zikirefuka. Huo ndio mwanzo wa kukuza seli nje ya mwili. Angalia jambo moja hapo: neva za Harrison zilikuwa ndani ya mgando wenye nyuzi zinazopita juu, chini na pembeni. Jaribio la kwanza kabisa lilikuwa na vipimo vitatu!

Basi mbona picha tuliyo nayo ya maabara ni kisahani bapa? Jibu ni urahisi. Seli zikitandazwa kwenye kioo au plastiki kama chapati, hadubini inaziona zote kwa pamoja. Chakula kinazifikia zote sawasawa. Ukitaka kuzihesabu unazihesabu. Ukitaka kuzihamisha unazing'oa kwa kimeng'enya, unazigawa kwenye visahani vingine na maisha yanaendelea. Mwaka 1951, katika hospitali ya Johns Hopkins, seli zilizochukuliwa kwenye saratani ya Henrietta Lacks, bila yeye kuombwa ruhusa, zilikua hivyo bila kukoma. George Gey aliyezikuza akaanza kuwagawia watafiti wengine, na seli hizo, HeLa, zikaenea dunia nzima. Kuanzia hapo kisahani kikawa kawaida. Siwalaumu. Chanjo na dawa nyingi zimepitia humo.

Ila kisahani kina upendeleo. Chukua uvimbe wa ubongo, uusage hadi seli zitengane, umwage kwenye kisahani, uwape chakula. Seli za saratani zinazopenda kugawanyika zitajaza nafasi. Mikroglia na seli nyingine za kinga hazigawanyiki kwa kasi hiyo, kwa hiyo kila ukihamisha kizazi kipya, zinapungua. Baada ya wiki kadhaa umebaki na saratani tupu. Hakuna aliyekaa mezani akaamua kuziondoa. Ziliondoka zenyewe kwa sababu ya utaratibu wa kazi, na utafiti ukaendelea kana kwamba hazikuwahi kuwepo.

Chakula nacho kilikuwa na shida. Kwa kawaida seli zililishwa majimaji ya damu ya ndama aliye tumboni. Ubongo wenye afya haukutani na damu moja kwa moja, kwa sababu una ukuta unaouchuja. Mwaka 2006, kikundi cha Howard Fine huko Marekani kilionyesha kwamba seli za glioblastoma zilizolelewa kwa majimaji hayo hubadilika hadi jeni zake zisifanane tena na za uvimbe zilikotoka. Zile zilizolelewa bila majimaji hayo, kwa chakula cha seli shina za neva, zilibaki karibu zaidi na uvimbe wa mgonjwa.

Halafu kuna kisa cha U87. Hizi ni seli za glioblastoma zilizoanzishwa Uppsala, Sweden, miaka ya 1960, zikawa miongoni mwa seli zinazotumika zaidi duniani katika utafiti wa saratani hii. Mwaka 2016, watafiti wa Uppsala wenyewe walilinganisha DNA ya U87 zinazosambazwa na ile ya uvimbe wa awali. Hazikulingana. Inaelekea U87 ni glioblastoma kweli, lakini ya mtu asiyejulikana. Sisi waandishi wa programu tungesema watu wote walikuwa wakipakua faili moja, na faili hilo lilibadilishwa zamani bila yeyote kukagua.

Matufe, na pango la giza katikati

Si kwamba hakuna aliyeuona upungufu wa kisahani. Mwaka 1955, Waingereza Thomlinson na Gray walipochunguza vipande vya saratani ya mapafu waligundua kwamba seli zilizo mbali na mshipa wa damu hufa kwa kukosa oksijeni, na kwamba umbali wenyewe ni mdogo sana, chini ya robo ya milimita. Hilo ni muhimu kwa sababu seli zenye oksijeni kidogo huvumilia mionzi kuliko nyingine. Kwenye kisahani bapa umbali huo haupo, kila seli inapumua.

Mwaka 1971, Robert Sutherland na wenzake walichapisha njia ya kukuza seli katika umbo la tufe. Waliziacha zielee zikizungushwa polepole ndani ya chupa, zikashikana zenyewe. Tufe likikua lilikuwa na tabaka tatu: nje seli zinazogawanyika, ndani yake seli zilizotulia, na katikati seli zilizokufa. Hakuna aliyezipanga. Mpangilio ulitokana na umbo lenyewe, kwa kuwa oksijeni na chakula viliishia njiani. Ghafla maabara ilikuwa na kitu kinachofanana na uvimbe mdogo, na dawa zilizoua seli zote kwenye kisahani zilianza kushindwa kufika katikati.

Lakini matufe hayo mengi yalitengenezwa kwa seli za aina moja. Umbo lilirudi, wakazi wengine hawakurudi. Hapa ndipo ninapopenda sana kazi ya Bergen, Norway. Mwaka 1990, Rolf Bjerkvig na wenzake walieleza njia ya kutosaga uvimbe kabisa. Walichukua vipande vidogo vilivyotoka chumba cha upasuaji na kuviacha vijiviringe vyenyewe. Ndani ya matufe yale walikuta bado kuna mishipa ya damu na makrofaji, yaani seli za kinga zinazokula mabaki na wavamizi. Kumbe njia ya kuwabakiza wale askari ilikuwa kutowatawanya tangu mwanzo. Shikeni hilo, tutalirudia.

Askari waliogeuka

Sasa tuende Berlin, kwenye maabara ya Helmut Kettenmann. Swali lao lilikuwa lile lile: seli za kinga zinafanya nini kwenye uvimbe? Badala ya kisahani walitumia vipande vyembamba vya ubongo wa panya vilivyowekwa hai, na mpangilio wake wote wa seli ukiwa palepale. Humo walipandikiza seli za saratani na kutazama zinavyopenya.

Kisha wakafanya ujanja. Walitaka kuondoa mikroglia tu, bila kugusa seli nyingine. Walifunga dawa iitwayo clodronate ndani ya vitone vidogo vya mafuta. Seli nyingine hazivili vitone hivyo. Mikroglia, kwa kuwa kazi yake ni kula takataka, inavimeza, na dawa inaiulia ndani. Ni kama kumtegea panya sumu kwenye unga. Matokeo waliyochapisha mwaka 2005 yalikuwa wazi: bila mikroglia, saratani ilipenya kidogo. Mikroglia ikirudishwa, saratani ilipenya zaidi.

Yaani askari walikuwa wakimfungulia adui njia. Baadaye, mwaka 2009, kikundi hicho kilieleza namna: uvimbe unaishawishi mikroglia itengeneze vimeng'enya vinavyokata nyuzi zinazoshikilia tishu, na saratani inapita palipokatwa. Jambo kama hilo kwenye kisahani lingefichika. Hakuna nyuzi za kukata, na mara nyingi hakuna mikroglia.

Ikiwa ni hivyo, si tuzizuie tu? Wengi walifikiri hivyo. Mwaka 2013, kikundi cha Johanna Joyce, wakati huo New York, kilionyesha kwamba dawa inayoziba kipokezi kiitwacho CSF-1R, ambacho makrofaji hukitegemea, iliwapa panya wenye uvimbe maisha marefu zaidi. Cha kuvutia ni kwamba makrofaji za ndani ya uvimbe hazikufa, zilibadilika tabia na kuacha kuusaidia uvimbe. Matumaini yalipanda. Mwaka 2016 yakatoka matokeo ya dawa nyingine ya kundi hilo, iliyojaribiwa kwa wagonjwa 37 ambao uvimbe wao ulikuwa umerudi. Haikuwasaidia. Mwaka huo huo kikundi cha Joyce kiliripoti kwamba hata kwa panya, uvimbe ulikuja kurudi kwa zaidi ya nusu yao.

Halafu kuna dawa za kuamsha seli T, zile zilizobadilisha matibabu ya saratani ya ngozi aina ya melanoma. Nivolumab ilijaribiwa kwa wagonjwa 369 wa glioblastoma iliyorudi, ikilinganishwa na dawa ya bevacizumab. Nusu ya waliopewa nivolumab walifariki kabla ya miezi 9.8, na nusu ya wale wengine kabla ya miezi 10. Hakuna tofauti. Hao ni watu 369 walio na muda mfupi wa kuishi, na wengi wao waliutumia kwenye jaribio hilo. Mimi nikiona takwimu kama hizo nauliza: je, kungekuwa na mahali pazuri pa kujaribia kabla ya kuwafikia?

Ubongo mdogo usio na walinzi

Mwaka 2007, Shinya Yamanaka wa Japani alionyesha kwamba seli ya kawaida ya ngozi ya binadamu inaweza kurudishwa utotoni na kuwa seli shina. Mwaka 2013, huko Vienna, Madeline Lancaster na Jürgen Knoblich walichukua seli shina, wakaziweka ndani ya jeli na kuziacha zikue. Zilijipanga zenyewe kuwa donge la milimita chache lenye sehemu zinazofanana na ubongo wa kiinitete. Donge hilo linaitwa oganoidi. Miaka michache baadaye, mwaka 2019, kikundi cha Fine kilikuwa kinapandikiza glioblastoma ya wagonjwa ndani ya oganoidi za ubongo na kuona saratani ikipenya kama inavyopenya ndani ya mtu.

Safi sana. Ila kulikuwa na tatizo. Mwaka 2010, kikundi cha watafiti akiwemo Florent Ginhoux kilikuwa kimethibitisha kwa panya kwamba mikroglia haitokani na tishu inayozaa ubongo. Inazaliwa nje, katika kifuko cha kiini cha yai kinachokaa na kiinitete siku za mwanzo, kisha inasafiri hadi kichwani. Ni wahamiaji waliofika zamani wakawa wenyeji. Sasa oganoidi ya kawaida inatengenezwa kwa kuzielekeza seli shina zote ziwe tishu ya ubongo, hivyo mikroglia kwa kawaida haina pa kutokea. Umbo limerudi, seli za neva zimerudi, na askari wameachwa nje kwa mara nyingine. Ilibidi watengenezwe kando. Kufikia mwaka 2017, watafiti wa Irvine, California, walikuwa wamechapisha njia ya kugeuza seli shina za binadamu kuwa mikroglia, na zikaanza kuongezwa kwenye oganoidi.

Wengine walichukua printa. Mwaka 2020, watafiti wa San Diego walieleza jinsi walivyochapa uvimbe kwa kutumia mwanga unaogandisha jeli safu kwa safu: katikati seli shina za glioblastoma, pembeni seli za ubongo, na makrofaji zikichanganywa au kuachwa, kama jaribio lilivyohitaji. Uzuri wa njia hii ni kwamba unaondoa kitu kimoja na kuona nini kinabadilika. Walikuta kwamba makrofaji zikiwepo, seli za saratani hubadilisha jeni zinazozitumia na kupenya zaidi.

Kurudi kwenye kipande kizima

Mwaka huo huo wa 2020, Hongjun Song na Guo-li Ming wa Chuo Kikuu cha Pennsylvania walichapisha njia ambayo msomaji wa kazi ya Bergen angeitambua. Hawakusaga uvimbe. Waliukata vipande vidogo sana na kuvitikisa taratibu ndani ya chakula kisicho na majimaji ya damu. Baada ya wiki moja au mbili vipande vilijiviringa kuwa oganoidi. Aina mbalimbali za seli za mgonjwa zilibaki, zikiwemo baadhi ya seli za kinga, ingawa hizo hupungua kadiri siku zinavyokwenda. Tofauti kubwa na mwaka 1990 ni kwamba sasa wanaweza kuzigandisha na kuzihifadhi kwenye benki, kusoma jeni za seli moja moja, na kuzijaribu dhidi ya seli za CAR-T, yaani seli T zilizohaririwa ziitambue saratani.

Mwishoni mwa mwaka 2024, Penn walitoa taarifa iliyonifanya niandike makala haya. Wagonjwa 6 walikuwa kwenye jaribio la CAR-T. Kila mmoja alitengenezewa oganoidi kutokana na uvimbe wake mwenyewe, na oganoidi hizo zikapewa seli zile zile za CAR-T sambamba na mgonjwa. Kiasi cha seli za saratani zilizouawa kwenye oganoidi kilikwenda sambamba na wingi wa seli za CAR-T zilizopatikana kwenye majimaji yanayozunguka ubongo na uti wa mgongo wa mgonjwa. Wagonjwa 6 ni wachache mno, hakuna mtu wa takwimu atakayeridhika. Lakini kwa mara hii mahali pa majaribio na mahali halisi palisema jambo moja, kwa mtu mmoja, kwa wakati mmoja.

Msidhani kazi imekwisha. Oganoidi hizi hazina damu inayozunguka, kwa hiyo hakuna askari wapya wanaoletwa kutoka kwenye uboho. Wagonjwa wengi hupewa dawa ya dexamethasone kupunguza uvimbe kichwani, na dawa hiyo hudhoofisha kinga. Kisahani hakijui hilo mpaka mtu akumbuke kuiongeza. Na oganoidi za kila mgonjwa zinahitaji maabara karibu na chumba cha upasuaji, na wataalamu wa kuzilea kwa wiki kadhaa.

Kwa hiyo ukisoma kwenye gazeti kwamba dawa fulani imeua saratani ya ubongo maabara, usishangilie wala usikejeli kwanza. Uliza imeua kwenye nini. Ni seli gani zilikuwemo humo, na zipi ziliachwa nje? Mara nyingi majibu hayo yapo katika taarifa ya watafiti wenyewe, kwenye sehemu ya mbinu, ile ambayo sisi wengine huwa tunairuka.